Dakika Kumi na Moja

Kyungu alitangulia. Kabange akafuata
dakika kumi na moja baadaye, miguu mbele,
na mkunga, mikono ingali na damu,
akatazama saa ya ukutani kabla ya kumtazama mtoto.
Mwaka ule serikali ilikuwa imesema: watatu.
Nyumbani wawili walikuwa wamekwisha kuzaliwa.

Mimi ndiye Kyungu. Mimi ndiye wa tatu.

Kwetu mapasa hupokelewa kwa kelele:
wanawake humwagiana unga, huimba matusi
ambayo siku nyingine yangewafikisha kwa padri,
na hakuna anayeona haya.
Usiku ule, Katuba, walifunika dirisha kwa blanketi
wakacheza bila nyayo. Bibi alisogeza midomo tu.
Alisema matusi yasiyotoka hubaki kooni
kama mwiba wa samaki,
na kweli alikohoa mpaka tukamzika.

Kwenye biro ya komini karani alifungua buku ya familia.
Chini ya jina langu kulikuwa na nafasi tupu,
nyeupe, pana ya kutosha mtu.
Baba akaigusa kwa kidole.
Karani akasubiri kidole kiondoke,
akagonga muhuri pale pale.

Tangu hapo tukawa mtoto mmoja.
Sare moja, jozi moja ya viatu, jina moja.
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa: mimi.
Jumanne, Alhamisi, Jumamosi: yeye.
Aliyebaki alikaa nyuma ya magunia ya makala;
hodi ikipigwa, hata pumzi aliikunja.
Jioni tulilipana chini ya meza:
mimi nampa mito, yeye ananipa milima.
Mpaka leo jedwali la saba linanikwama.
Lilifundishwa Alhamisi, na jioni ile tulikuwa tumenuniana.

Mwalimu Kalenga alijua. Kabange aliandika kwa kushoto.
Hakusema neno. Ila kila Jumatano
alirudia somo la Jumanne, polepole,
macho yake dirishani, kwenye mlima mweusi wa masizi ya shaba,
kana kwamba ndio uliokuwa mgumu wa kuelewa.

Jirani yetu Mama Monga naye alijua.
Alikuja kuazima chumvi. Kisha sukari. Kisha mafuta.
Kisha akaacha kuazima: aliingia jikoni, akachukua,
akamsalimu mama vizuri, akatoka.

Jambo moja sijapata kumwambia mtu.
Tulikuwa na miaka tisa, tukagombania andazi,
nikamwambia: Weye hauko.
Akanirudishia andazi.
Zima. Hakuwa ameling'ata.

Sheria ilifutwa tulipotimiza ishirini na mitatu.
Redio iliitangaza kwa sentensi moja,
kati ya bei ya shaba na matokeo ya mpira.
Kabange akavaa shati langu, akaenda komini.
Karani mpya, kijana mpole, akapekua, akalinganisha:
tarehe ileile, mama yuleyule, uso uleule.
"Kaka, mbona umeshaandikwa?"
Alirudi akicheka. Alicheka
mpaka mama akainuka, akatoka nje.

Mwezi uliofuata alipita Kasumbalesa
katika lori la mahindi lililokuwa likirudi tupu.
Karatasi hakuwa nayo ya kubeba.
Alibeba madaftari ya Jumanne.

Diploma iko ukutani, jina langu kwa wino wa dhahabu.
Nusu ya majibu yaliyoileta si yangu.
Wageni huisoma, husema: Kyungu, ulikuwa na akili!
Nami huwakaribisha viti.

Mama amezeeka. Hapo zamani
bukari yetu aliiweka kwenye sahani moja,
akaigawa kwa mwiko, mstari katikati, sawasawa.
Nimemwambia mara ngapi niko peke yangu?
Jana tena amechora mstari,
amekaa, mikono mapajani,
ananitazama nile upande wangu.